Nani Aliyeamua Saa Tisa?

Jumatatu, tarehe 3

Nesi wa zahanati ameniambia niandike kila siku hali ya ngozi ya Bonge: vipele vimeongezeka au vimepungua, na joto lilikuwaje. Nimenunua daftari. Nimeandika: vipele shingoni na mgongoni, joto kali. Mstari mmoja tu, ukurasa mzima umebaki mtupu, na mimi karatasi tupu inanisumbua kama sufuria lisilo na mfuniko. Kwa hiyo naendelea.

Bonge ni mwanangu, ana miezi minane. Jina lake lipo kwenye kadi ya kliniki, lakini kwa mashavu aliyozaliwa nayo hakuna aliyejisumbua kulitumia. Mimi nashona sare za shule kwenye karakana ya cherehani ishirini, chini ya paa la bati. Baba Bonge ni mlinzi wa usiku. Anarudi saa moja asubuhi, mimi natoka saa moja asubuhi, tunapeana mkono mlangoni kama watu wanaokabidhiana ofisi. Yeye analala. Mimi nampeleka mtoto kwenye kituo cha kulelea watoto, kisha kazini.

Jumanne, tarehe 4

Joto. Vipele palepale.

Jumatano, tarehe 5

Leo mshonaji mmoja ameanguka. Alikuwa anakunja ukosi, akasema "jamani," akateleza chini ya meza polepole kama kitambaa. Tulimpepea kwa vipande vya kola. Wa pili mwezi huu. Jirani, ndivyo ninavyomwita shoga yangu wa cherehani ya kushoto, amelowesha mabaki ya vitambaa akayatundika dirishani. Upepo ukipita hapo unaingia umepoa kidogo. Tumemsifu kama aliyegundua barafu.

Bi Mkasi, msimamizi wetu, alimpeleka mgonjwa nje, akarudi, akatuangalia mmoja mmoja. "Anayejisikia vibaya aseme kabla hajaanguka. Sitaki kuokota watu."

Mama huyu hana huruma, niliwaza.

Jumamosi, tarehe 8

Mapumziko. Nimefua. Nguo zimekauka kabla sijamaliza kutundika.

Jumatatu, tarehe 10

Tajiri, mwenye karakana, amekuja mwenyewe. Alisimama mlangoni kwa sababu ndani hakukukalika, akasema kuanzia Jumatatu ijayo kazi itaanza saa kumi na moja alfajiri na kuisha saa sita mchana, kabla bati halijashika moto. Watu walipiga makofi. Hata mimi nilipiga, mpaka mikono ikasimama hewani yenyewe.

Saa kumi na moja Bonge atakuwa na nani? Kituo kinafunguliwa saa moja. Baba yake anarudi saa moja.

Nilimfuata Bi Mkasi. Akasema, "Wewe ni wa sita kuniuliza. Asiyeweza kufika saa kumi na moja, cherehani yake itapata mtu mwingine mwezi ukiisha. Si mimi ninayesema, ni yeye."

"Je, yeye aliulizia kituo?"

"Tajiri na kituo wapi na wapi?"

Kweli, wapi na wapi. Nimelitafakari njia nzima. Tajiri amefanya jambo zuri, na jambo lenyewe linanitoa kazini.

Jumanne, tarehe 11

Nimemuuliza Mama Kengele, mwenye kuendesha kituo. Tunamwita hivyo kwa sababu ya kengele yake ya shaba. Ikilia saa moja mlango unafunguliwa. Kabla ya hapo, hata kama umesimama pua kwenye kitasa, hakuoni.

"Mama, huwezi kufungua saa kumi na moja?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Kibali kinasema saa moja."

"Nani aliyeandika kibali?"

"Kamati ya mtaa." Akamchukua Bonge, akamgeuza akaangalia vipele. "Umeanza kumpaka ile dawa ya zahanati?" Kabla sijajibu mlango umeshafungwa.

Nimechukizwa naye, naandika hapa ili nisimwambie mtu.

Jumatano, tarehe 12

Karani wa ofisi ya mtaa ni kijana anayejipepea kwa jalada la faili. Anasema ndiyo, kamati inaweza kubadilisha saa ya kibali, jambo dogo. Inatakiwa watu tisa kati ya kumi na watano wawepo. Hiyo inaitwa akidi. Nimelipenda neno hili, nimelirudia njiani. Akidi. Akidi. Kikao ni Jumatano ya kwanza na ya tatu ya mwezi, saa tisa alasiri, na mwananchi yeyote anaruhusiwa kusikiliza.

Jambo dogo! Nimemnunulia Bonge ndizi kwa furaha.

Ijumaa, tarehe 14

Baba Bonge ameomba kwa bosi wake atoke saa kumi alfajiri. Bosi amesema anayempokea zamu anakuja na gari la kwanza, na gari la kwanza linaondoka saa kumi na mbili. Nikauliza nani aliyepanga gari la kwanza. Baba Bonge akanitazama kwa upendo na uchovu. "Mke wangu, mimi nalinda geti. Siulizi geti lilitoka wapi."

Kazini wameshaanza kuniita Mama Kwanini.

Jumatatu, tarehe 17

Nimefanya nisichotakiwa kufanya. Nimemtia Bonge amelala kwenye kapu la mabaki ya vitambaa, nikaliingiza chini ya meza yangu. Jirani aliona. Alianza kuimba kwa sauti kila Bonge alipokohoa. Saa moja nikaomba ruhusa ya chooni, nikakimbia naye kituoni, nikarudi nahema.

Kwa kweli alfajiri ni nzuri. Uzi haukatiki, mikono haitoi jasho kwenye kitambaa cheupe. Nimeshona mashati mengi kuliko siku yoyote ya mwezi huu. Tajiri aliona sawa. Hilo ndilo linaloniuma.

Jumanne, tarehe 18

Kapu tena. Jirani amekaukiwa sauti.

Jumatano, tarehe 19

Leo nitaandika sana.

Kazi iliisha saa sita. Saa tisa nilikuwa ukumbini. Ukumbi wenyewe ni wa bati juu na bati pembeni, kama mkebe wa biskuti. Nilipogusa mlango nilirudisha mkono. Ndani kulikuwa na wajumbe watano. Mmoja alikuwa amelala na kofia usoni. Mwenyekiti, muuza rangi za nyumba, alikuwa amevua viatu.

Karani akahesabu kwa kidole, ingawa hata Bonge angeona ni watano. Tukasubiri. Jasho lilinichuruzika mpaka kwenye soksi. Baada ya muda mwenyekiti akasema, "Kikao kimeahirishwa kwa kukosa akidi," wote wakaanza kusimama, na mimi nikanyoosha mkono.

"Ndiyo mama."

"Naomba kuuliza. Kikao kilichopita akidi ilitimia?"

Karani akasema hapana.

"Na kile cha kabla yake?"

"Wakati wa joto huwa haitimii," karani akasema. "Miezi ya baridi ndiyo wanakuja."

"Kwa hiyo mambo ya joto mnayaamua wakati wa baridi?"

Mwenyekiti alicheka. Kisha kicheko kikamkatikia njiani. Akavaa kiatu kimoja, akakaa tena.

"Mwaka jana," akasema taratibu, kama anamsimulia mtu mwingine, "tulijadili kupanda miti ya kivuli sokoni. Wote tulikuwa na masweta. Tukasema si haraka."

Yule wa kofia akasema bila kuitoa, "Mwaka juzi pia."

"Sasa kwa nini saa tisa?" nikauliza. "Nani aliyeamua saa tisa?"

Wakatazamana. Hakuna aliyejua. Mmoja alisema ni sheria. Karani akasema si sheria, ni kanuni ya kamati. Mwisho yule wa kofia, ambaye ndiye mkongwe kuliko wote, akaitoa kofia na kukumbuka kwamba zamani walikutana kwenye jengo la mawe la shule, nene, baridi kama kisima, na saa tisa ndiyo saa wanafunzi walipotoka. Baadaye wakajengewa ukumbi wao. Wakahama na saa yao.

Nilifurahi kama mtu aliyeokota ufunguo. "Basi badilisheni saa!"

"Kubadilisha saa ya kikao," karani akasema, "kunahitaji kikao."

"Chenye akidi," mwenyekiti akamalizia.

"Cha saa tisa," nikasema mimi.

Bati lilikuwa linalia tik, tik, tik.

Alhamisi, tarehe 20

Bi Mkasi ameona kapu. Alisimama juu yake kwa muda mrefu. Bonge alikuwa macho, ameshika utepe wa kupimia, akamtabasamia kwa meno yake mawili.

Nilisubiri kufukuzwa.

"Mimi sijaona kitu," akasema. Kisha akawaita wabeba mizigo wawili, wakaihamisha cherehani yangu hadi karibu na mlango penye hewa, mbali na mashine kubwa ya kukatia. "Hapa pana mwanga mzuri kwa macho yako," akaniambia kwa sauti ya wote kusikia. Macho yangu hayana tatizo lolote.

Jumatatu, tarehe 24

Joto. Vipele vya Bonge vimeshuka mpaka kiunoni. Usiku tunamlaza sakafuni penye saruji.

Jumanne, tarehe 25

Hili nataka kuliandika leo hii.

Nilikuwa naunga mkono wa shati. Uzi ukaisha, nikageuka kuchukua mwingine, na niliporudisha macho kapu lilikuwa tupu. Nikainama chini ya meza. Kisha nikamwona. Alikuwa ametambaa chini ya meza mbili, amefika kwenye cherehani ya kanyagio, ana furaha tele, amenyoosha kidole kuelekea gurudumu linalozunguka. Mshonaji wa pale hakumwona. Alikuwa anatazama sindano yake, kama inavyotakiwa.

Aliyemnyakua ni Bi Mkasi. Sijui alitokea wapi. Alimshika shati kwa nyuma kama mtu anayeokota paka, akamkumbatia, na Bonge akaanza kulia kwa hasira kwa kunyimwa gurudumu.

Karakana nzima ilisimama. Bi Mkasi akanyanyua mkono wake wa kushoto mbele yangu. Nimeuona mkono ule mara nyingi ukiwa umeshika mkasi, lakini sikuwahi kuuangalia. Kidole cha kati kinaishia katikati.

"Nilikuwa na miaka mitatu," akasema. "Mama yangu naye alikuwa hana pa kuniacha."

Akanirudishia mtoto. "Sitamwona tena hapa. Safari hii nasema kweli. Na wewe sitaki kukupoteza. Kwa hiyo tumia hicho kichwa chako cha maswali."

Nimelia njia nzima. Bonge alidhani ni mchezo, akawa ananipangusa kwa kiganja.

Jumatano, tarehe 26

Baba Bonge amebadilishana zamu na mwenzake, atakuwa geti la mchana kwa siku chache. Mwenzake amekubali kwa sababu ana mtoto pia. Alfajiri nimewaacha wamelala, mtoto juu ya kifua cha baba, wote wawili wamefumbua midomo.

Alhamisi, tarehe 27

Nimeuliza swali zuri. Naliandika kwa sababu najivunia.

Wakati wa chai niliwauliza wenzangu, "Wajumbe wa kamati ni akina nani?" Wakasema wazee wa mtaa. Nikasema hapana, ni akina nani kwetu?

Jirani akaacha kutafuna. "Baba mkwe wangu ni mjumbe."

Mwingine akasema, "Mjomba wangu."

Mwingine: "Kaka yangu mkubwa, lakini kule haendi, anasema anaogopa kuyeyuka."

Tulipomaliza kuzunguka meza tulikuwa na wajumbe kumi, na wote walikuwa mikononi mwa mtu. Miaka yote tumekuwa tukiiona kamati kama kitu cha mbali, kumbe tunaipikia.

"Na sisi siku hizi tunatoka saa sita," nikasema. "Saa tisa tuko huru. Kila mmoja amlete wake."

Bi Mkasi alikuwa anahesabu vifungo. Bila kuinua macho akasema, "Mimi pia ninaye mmoja."

"Nani, Bi Mkasi?"

"Mtalaka wangu."

Hakuna aliyethubutu kucheka. Kisha yeye mwenyewe akacheka, na karakana ikalipuka.

Jumatatu, tarehe 31

Mwisho wa mwezi. Tajiri alikuja kuhesabu cherehani zisizo na watu. Bi Mkasi akamwambia, "Keshokutwa mtaa una kikao. Subiri hadi keshokutwa." Akasubiri. Sikujua kwamba anaweza kuambiwa asubiri. Labda hakuna aliyewahi kumwambia.

Jumatano, tarehe 2

Nilikwenda mapema na Jirani tukiwa na ndoo mbili na mabaki ya vitambaa. Tukayalowesha, tukayatundika kwenye madirisha yote ya ukumbi, meupe, ya bluu, ya kijani, kama karakana yetu ndogo. Mwenyekiti alikuta tunamalizia. Alisimama mbele ya dirisha, akafumba macho, akafungua kifungo cha shati.

"Haya ni mapambo?"

"Ni upepo, mwenyekiti."

Wakaanza kufika. Baba mkwe wa Jirani alishikwa kiwiko kwa heshima zote, lakini alishikwa. "Mkwe wangu ameniambia kuna chai," akamwambia karani. Mjomba akaja analalamika kwamba amekatizwa usingizi na mpwa wake. Kaka mkubwa alikuja na mwavuli. Mtalaka wa Bi Mkasi aliingia peke yake, amenyoa, amevaa shati lililopigwa pasi.

"Ulimwambiaje?" nikamnong'oneza Bi Mkasi.

"Nilimwambia asipokuja nitarudiana naye."

Karani akahesabu. Wanane. Akahesabu tena, safari hii bila kidole, kwa kuomba. Wanane. Wale wengine watatu tuliowategemea, mmoja alikuwa safarini, mmoja ana homa, mmoja alikimbia kwa mlango wa nyuma alipomwona dada yake akija.

"Tumebakiza mmoja," mwenyekiti akasema. "Karani, orodha ya wajumbe. Nani mwingine yuko karibu?"

Karani akatazama, akakuna kichwa. "Yupo mjumbe wa malezi. Lakini huyo hajawahi kuhudhuria hata mara moja."

"Kwa nini?"

"Saa tisa anakuwa na watoto."

Mimi sikusubiri wamalize. Nilivua ndara nikakimbia. Mama Kengele alikuwa amekaa sakafuni, amewalaza watoto kwenye mikeka yenye unyevu, anawapepea kwa kipande cha boksi, mstari hadi mstari. Alikuwa analowa jasho. Nilipomweleza, alinitazama kwanza bila kuelewa.

"Wananihitaji mimi?"

"Bila wewe si kikao."

Akasimama, akachukua kengele yake. Alipoigonga mara moja watoto wote wanaoweza kutembea wakashikana mikono, bila kuambiwa. Waliokuwa hawatembei tuliwabeba, mimi wawili, yeye watatu, mmoja wao Bonge. Tuliingia ukumbini kwa mstari. Kaka mkubwa aliwafungulia mwavuli. Yule mkongwe alimpakata mmoja bila kuombwa, akaendelea kumpakata hadi mwisho.

"Akidi imetimia," karani akasema.

La kwanza lilipita haraka: kikao kihamie Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa kumi na mbili asubuhi. Mikono tisa. Mwenyekiti akafuta paji la uso. "La pili. Kituo kifunguliwe saa kumi na moja alfajiri. Wanaokubali..."

"Ngoja," Mama Kengele akasema. "Kabla hamjapiga kura juu ya usingizi wangu, mniulize."

Mkono wangu, ambao si wa mjumbe na haukutakiwa kuwa juu, ulikuwa juu. Niliushusha.

Akasema, bila kumtazama mtu, kwamba mama yake amelala kitandani mwaka wa nne. Hawezi kujigeuza. Alfajiri ndiyo saa ya kumgeuza, kumsafisha, kumnywesha. Akimaliza hapo ndipo anapokuja kituoni. Anaipiga kengele saa moja kamili kwa sababu ametoka mbio tangu giza, na ile dakika ya mwisho kabla ya kengele ndiyo dakika pekee anayokaa.

Nilisimama na watoto wawili wa watu mikononi, nikakumbuka pua yangu kwenye kitasa chake. Nilimuuliza mara ngapi kwa nini hafungui? Mara nyingi. Na sikumuuliza anaishi na nani.

Tajiri aliisogeza saa kwa neno moja. Saa ikawasukuma washonaji, washonaji tukaisukuma kwa Mama Kengele, na yeye angeisukumia kwa mama yake, ambaye hana pa kuisukumia.

"Tutakuja kumgeuza," nikasema. Mwananchi haruhusiwi kusema mpaka aulizwe, lakini mwenyekiti aliniacha. "Kwa zamu. Wenye watoto kituoni. Mmoja kila alfajiri anakuja kwako, tunamgeuza bibi pamoja, kisha tunaongozana, maana kuna giza."

Alinitazama sana. "Unajua kumgeuza mgonjwa?"

"Sijui. Utanifundisha."

"Kwa majaribio," akasema. "Hadi mwisho wa mwezi huu. Tuone."

Mikono tisa.

Alhamisi, tarehe 3

Zamu ya kwanza nimeichukua mimi. Bibi ni mwepesi kuliko nilivyodhani na mkali kuliko nilivyodhani. Nilipomshika vibaya alisema, "Wewe ni mshonaji? Basi usinivute kama pindo."

Jumatatu, tarehe 7

Karani amekuja kuuliza kama tuna mabaki ya vitambaa kwa ajili ya ofisi yake.

Jumatano, tarehe 9

Mama mmoja hakufika zamu yake. Mama Kengele alichelewa, kengele ikalia saa kumi na moja na nusu, sote tukakatwa mshahara. Aliyekosa amekuja leo na macho mekundu: mumewe hamruhusu kutoka gizani. Jirani akasema zamu hiyo ataichukua yeye. Hatujui kwa muda gani. Jambo letu lote limefungwa kwa uzi mmoja, na mimi najua uzi mmoja unavyokuwa.

Jumatatu, tarehe 14

Bonge ametambaa kinyumenyume. Joto palepale.

Jumatatu, tarehe 21

Wingu! Tumetoka nje ya karakana wote kulitazama.

Jumanne, tarehe 22

Mvua, usiku kucha. Asubuhi upepo wa baridi. Bibi ameomba blanketi.

Alhamisi, tarehe 24

Watu wamesahau. Siku mbili tu. Dukani mtu amesema, "Mwaka huu joto halikuwa kali sana." Nilimtazama nione kama anatania.

Nimemuuliza Bi Mkasi kama tajiri atarudisha saa ya zamani. Amesema hapana, alfajiri kazi inakwenda vizuri, atabaki hivyohivyo mwaka mzima. Na majaribio ya kituo yanaamuliwa Jumamosi, kwenye kikao.

Jumamosi, tarehe 26

Ukumbi ulikuwa na ubaridi wa alfajiri. Wajumbe kumi na mmoja! Walikuja wenyewe, bila kushikwa kiwiko. Karani alihesabu mara moja tu. Mama Kengele alikaa mbele, kwa mara ya kwanza bila mtoto mkononi, hajui mikono aiweke wapi.

Baba mkwe wa Jirani ndiye aliyeanza. Alikuwa amevaa koti zito, amejikunja ndani yake. "Joto limekwisha, tumshukuru Mungu. Nashauri kituo kirudi saa moja, na kikao kirudi saa tisa. Asubuhi kuna baridi."

Kuna watu walioitikia kwa vichwa. Niliwaona. Watu haohao.

"Mjumbe wa malezi," mwenyekiti akasema, "wewe ndiye mwenye usingizi. Unasemaje?"

Angesema saa moja, ningeondoka kazini, na nisingeweza kumlaumu.

"Usingizi naupenda," Mama Kengele akasema. "Naomba nirudishiwe. Akina mama hawa wamekuja, sikatai. Bibi yenu amewazoea mpaka anawatukana. Lakini mmoja akiugua, mmoja akizuiwa na mumewe, kituo kinalala na wote wanakatwa. Hiyo si njia ya kuishi." Akanigeukia. "Je, tajiri amerudisha saa?"

"Hajarudisha."

"Basi tukirudi saa moja tunarudi wapi? Tutakuwa tumerudi peke yetu." Akasimama. "Mimi naomba mlezi wa pili. Anayelipwa. Yeye afungue alfajiri, mimi nije baada ya kumgeuza mama yangu. Na sehemu ya malipo mumdai tajiri, kwa sababu saa ni yake. Tena tuamue sasa hivi, kabla jasho halijakauka kwenye mashati yetu. Tukingoja kidogo tutasema si haraka."

Yule mkongwe akasema, "Tutasema. Tumeshasema mara mbili."

Mwenyekiti akaita kura. Kwa jambo la malipo, karani akaeleza, watu tisa kuwapo haitoshi, inatakiwa mikono tisa ya kukubali. Ikapanda mmoja mmoja. Mtalaka wa Bi Mkasi. Mjomba. Kaka mkubwa. Mkongwe. Mama Kengele mwenyewe, juu kabisa. Karani alifika nane, akasimama. Wawili walitazama sakafu. Baba mkwe wa Jirani alikuwa ndani ya koti lake, mikono haionekani.

Jirani akainama nyuma ya kiti chake. "Baba," akanong'ona, lakini ukumbi wote ulisikia. "Mkono."

"Kuna baridi, binti yangu."

"Mkono tu, baba. Mwili ubaki ndani."

Watu walicheka, naye akacheka, na kutoka kwenye ule mkono mrefu wa koti kikachomoza kwanza kidole, kisha kiganja, kisha mkono mzima wa mzee, ukapanda.

"Tisa," karani akasema.

Sikuruka. Nilikaa nikamshika Bonge kwa nguvu mpaka akalalamika.

Tulitoka pamoja na Mama Kengele. Njia ilikuwa na madimbwi. Akaniuliza, "Haya, Mama Kwanini. Umepata ulichotaka. Sasa utauliza nini?"

"Nataka kujua nani aliyeamua ukumbi wa kamati uezekwe bati juu na pembeni."

Alicheka. Sijawahi kuyaona meno yake, ana mwanya. "Hilo uliza Jumatatu. Leo nakwenda kulala."

Akaingia ndani kwake. Nilisikia akimwambia mama yake jambo, kisha kitanda, kisha kimya. Nilikuwa bado nimesimama hapo na Bonge begani alipokuja mama mmoja wa kituoni kwa haraka, mkono tayari umekunjwa kubisha hodi, anataka kujua mlezi wa pili ataanza lini.

Nikamshika mkono kabla haujafika mlangoni.

"Uliza Jumatatu," nikamwambia.